Kiduara cha Swali la Sitini na Tatu

Kwetu Utiskot, maua ya buransi huchanua mwezi wa tatu. Mlima mzima huwa mwekundu, na mama hunikaushia maua ndani ya gazeti, akampa dereva wa jeep aniletee nitengeneze sharubati. Mimi niko huku chini kwenye tambarare, safari ya siku nzima, nikilinda msitu wa miti ya sal ambayo hainijui wala mimi siijui. Nina sare ya kaki, nina fimbo, nina simu ya kazi, nina mshahara. Kitu ambacho sina ni uso wa kupeleka nyumbani.

Nitaeleza kwa nini. Nitaeleza haraka kabla sijaanza kujionea huruma, maana kujionea huruma ni kazi ninayoiweza kuliko hii ninayolipwa. Na ukweli ni kwamba namkumbuka mama yangu kila ninapoketi kula, na aliyeniwekea kizuizi njiani si mtu mwingine, ni mimi.

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na saba, mlima ulio juu ya kijiji chetu ulikuwa na upara. Mialoni ilikatwa matawi kwa ajili ya ng'ombe na kuni hadi ikabaki vigogo, misonobari ikachukua nafasi yake, na msonobari hauna adabu: unakausha ardhi, unamwaga sindano zake kila mahali, na kila kiangazi unawaka moto. Chemchemi ilibaki kudondoka tone kwa tone. Mama yangu, Khimuli, aliamka kabla ya jogoo kwenda kupanga foleni ya ndoo moja. Wanaume wengi walikuwa Delhi wakiosha vyombo hotelini. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Basi wanawake kumi na mmoja wakakaa, wakaongea, wakaamua kumpa msitu Devi, mungu wetu wa kike.

Watu wa mjini wakisikia hivyo hudhani ni sala tu. Kwetu ni amri kuliko amri za wilaya. Unapanda hadi hekalu la kileleni na mchele, sarafu na kitambaa chekundu, unamwambia Devi: kuanzia leo msitu huu si wetu, ni wako, kwa miaka kumi na miwili. Tangu hapo mwenye kukata tawi hamwibii jirani yake, anamwibia Devi. Askari wa misitu unaweza kumnunulia chai akageuka upande wa pili. Devi hanywi chai ya mtu.

Ombi lenyewe sharti liandikwe, kwa sababu mbele ya Devi ni kama mahakamani: karatasi yenye stempu, inatundikwa hekaluni pamoja na kengele. Kati ya wale kumi na mmoja hakuna aliyejua kuandika, kwa hiyo niliandika mimi. Niliandika majina yao yote, moja chini ya jingine, na kila mmoja akabandika gumba lake pembeni ya jina lake. Kileleni mwalimu wa shule alitupiga picha: wanawake kumi na mmoja na miundu yao, wamekunja macho kwa jua, na mimi katikati nimeishika karatasi kama cheti cha harusi.

Maandishi yetu ya Kihindi huning'inia chini ya mstari, kama nguo kwenye kamba. Mimi ule mstari, nikifika mwisho wa neno, huupinda kidogo kuelekea chini. Sikufundishwa na mtu, ndivyo mkono wangu ulivyo. Mama, asiyejua herufi hata moja, aliona siku hiyo hiyo.

"Hansi anaandika huku anakata majani," alisema. "Tazameni, kila neno lina mundu."

Tangu hapo akanifanya niandike majina kwenye makopo yake yote ya jikoni, dengu, ulezi, chumvi ya pilipili, ingawa aliyajua makopo hayo hata ukimfunga kitambaa machoni. Alisema anapenda tu kuyaangalia.

Wakaanza kulinda. Wawili wawili, kwa zamu, mvua inyeshe au theluji ianguke. Saruli, rafiki wa mama, alimkamata mumewe mwenyewe, aliyekuja likizo, na mzigo wa matawi ya mwaloni mgongoni. Alimkokota hadi kileleni mume akaomba radhi mbele ya Devi, kisha akamnyima chakula siku mbili, hiyo ikiwa adhabu ya Saruli mwenyewe. Mwaka wa tano mialoni ilikuwa imetoa vivuli, na chemchemi ilisikika kutoka barabarani.

Mwaka huohuo wa tano akarudi Khushal Singh kutoka Delhi, akachaguliwa mwenyekiti wa baraza la msitu wa kijiji. Alikuwa mtu mzuri, anajua kuvaa koti, anajua kuzungumza na wageni. Maafisa na waandishi wa habari walipokuja kuuona msitu uliofufuka, yeye ndiye aliyevishwa shada la maua, na wanawake ndio walioleta chai. Gazeti likaandika: Mlinzi wa Utiskot. Sisemi kwamba aliiba. Alisimama tu mahali ambapo kamera ilikuwa inatazama.

Wakati huo mimi nilikuwa mjini Haldwani, kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la matairi, nikijiandaa kwa mtihani wa askari wa misitu. Haldwani kila ukuta una tangazo la tuisheni na kila dirisha lina mtu anayekariri. Mwalimu wangu wa somo la mazingira aliitwa Lohani. Alisema mazingira ni alama ishirini za bure kwa mwenye kumbukumbu, na alitufundisha hivyohivyo: maeneo oevu yenye hadhi ya kimataifa, kwa mpangilio wa mikoa, hifadhi za taifa, mwaka na eneo, mnyama gani yuko kwenye jedwali gani la sheria. Tulikariri misitu kama namba za simu. Nilikaa miezi minane bila kushika jani la mti, huku nikiweza kukutajia kila aina ya mwaloni wa Himalaya na mwinuko inakoota. Wakati mwingine nilikuwa nafungua gazeti la mama, naingiza pua kwenye yale maua makavu, kisha nalifunga harufu isije ikaisha.

Mwalimu Lohani alipenda mwandiko wangu. Haldwani noti zilizoandikwa kwa mkono na kutolewa fotokopi zinauzwa kuliko vitabu, kwa sababu wanafunzi wanaamini kilichoandikwa kwa mkono kimepita kichwani mwa mtu. Akanipa kazi: mistari mia tano ya mazingira ya mkoa wetu, kila mstari habari moja, naye angenifutia ada ya mwaka. Ada ilikuwa inamla mama yangu samli yote ya nyati wake wa maziwa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mstari wa mia mbili na kumi na nne niliandika: Msitu wa Utiskot ulitolewa kwa Devi na wanawake kumi na mmoja wa kijiji. Niliandika vizuri kuliko mistari yote mingine. Mwalimu Lohani akaupiga kalamu nyekundu.

"Hawa kumi na mmoja nitawaweka wapi, Hansi? Mtihani ni wa kuchagua. Kiduara kimoja, jina moja."

"Basi weka la mama yangu, mwalimu."

Alicheka, si kwa ubaya. "Gazeti limemtaja mama yako?"

"Hapana."

"Limemtaja nani?"

Nikaandika: Mwanzilishi wa msitu mtakatifu wa Utiskot ni Khushal Singh, mwaka 2011. Hata mwaka nilikosea kwa haraka, ulikuwa 2012. Ningependa kusema nilisita. Sikusita. Niliupinda mstari mwishoni kama kawaida nikaendelea na mstari wa mia mbili na kumi na tano, uliohusu kima.

Wiki ile mvua ilikuwa imeanza, na mvua ikianza mimi hupatwa na hamu ya nyumbani inayouma kama jino. Nikampigia mama. Nilitaka kumpa kitu, na sikuwa na kitu cha kumpa.

"Mama, msitu wetu umo kitabuni," nikasema.

"Wamesemaje?"

"Wamesema wanawake wa Utiskot ndio walioutoa kwa Devi."

Nikamsikia akitoka nje uani akimwita Saruli aliyekuwa kwenye shamba la chini, na Saruli akimwita jirani yake. Siku iliyofuata walikaanga singal, vile vitumbua vyetu vya sikukuu, wakampelekea Devi na kuwagawia watoto wa shule. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu vya kutosha kumfikisha mama hekaluni na sinia kichwani.

Tangu siku hiyo, kila simu, baada ya kuniuliza kama nimekula, aliuliza: "Bado tumo?"

"Mmo, mama."

Na alikuwa anacheka kama msichana.

Nilifeli mara mbili. Mara ya kwanza maarifa, mara ya pili mbio. Mtihani wenyewe hautangazwi kila mwaka, na mwisho wa umri ni miaka ishirini na minane. Ulipotangazwa tena nilikuwa nimebakiza miezi mitatu. Mjomba alishanitafutia mchumba, mwanamume wa Bareilly aliyefiwa na mke, mwenye duka la vioo na watoto wawili, na alisema mambo ya kulinda miti nitayasahau nikipata wa kulinda nyumbani. Mama akauza nyati ili nijaribu mara ya mwisho.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye ule mtihani nikijua kwamba nisipopita sina pa kurudia mara nyingine. Maswali mia, saa mbili, kila jibu sahihi alama moja, kila kosa linakukata robo. Nilijaza vizuri. Maeneo oevu yalikuja, nikayajaza. Majedwali yalikuja, nikayajaza. Kisha nikafika la sitini na tatu.

Msitu mtakatifu wa Utiskot, uliotolewa kwa Devi mwaka 2011, mwanzilishi wake ni nani? A, Khushal Singh. B, afisa misitu wa wilaya. C, wanawake wa kijiji. D, hakuna kati ya hao.

Nilitazama ule mwaka. Hakuna gazeti wala kitabu duniani kilichoandika 2011 isipokuwa noti zangu. Mtunga mtihani alikuwa amenunua fotokopi kibandani kama watu wengine, akanakili mstari wangu pamoja na kosa langu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikaa mbele ya sentensi yangu mwenyewe, imechapwa kwa herufi za serikali, inaniuliza mimi.

Niliiruka, nikarudi kwayo mwisho kabisa, dakika kumi kabla ya kengele. C ilikuwa mama yangu na foleni ya ndoo moja. C ilikuwa Saruli akimkokota mumewe. A ilikuwa alama moja. Lingekuwa swali la kijiji cha watu wengine ningejaza A bila hata kuvuta pumzi, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi: ni vijiji vingapi nilivyovijaza hivyo kwa miaka yote hiyo, na mama za watu wakiwa hawapo kwenye viduara?

Nikajaza A. Nilizungusha kalamu nyeusi taratibu, bila kutoka nje ya mstari. Nina mkono mzuri.

Majibu rasmi yalipotoka, tulipewa siku saba za kuweka pingamizi. Mtu yeyote angeweza kuandika kwamba swali fulani limekosewa, akiambatanisha ushahidi. Nilikuwa na ushahidi. Ile picha ya kilele nilikuwa nayo ndani ya begi, imefungwa kwenye nailoni, na ingawa majina hayakusomeka, ukiikaribia karatasi iliyo mkononi mwangu uliona alama kumi na moja za gumba. Nilikuwa na nakala ya kaboni ya majibu yangu pia, na nilishajihesabia. Alama sabini na moja na nusu. Pingamizi likikubaliwa, A inakuwa kosa, nabaki na sabini na robo. Niliitoa ile picha kila siku kwa siku saba. Siku ya nane nililala usingizi mzuri, na katika yote niliyoyafanya hilo ndilo linalonitia aibu kuliko jingine.

Alama ya mwisho ya kupita ilikuwa sabini na moja na robo. Mbio na matembezi ya porini nilimaliza bila shida. Miguu ya mlimani haisahau.

Nilirudi nyumbani na barua ya ajira. Mama alinisubiri barabarani, akanipaka alama nyekundu na punje za mchele kwenye paji la uso. Saruli alikuwepo, na wengine waliobaki, wamevaa pete zao kubwa za puani kama wanakwenda harusini. Walinipandisha kijijini kwa nyimbo. Nilimwona Khushal Singh kwenye kibaraza cha nyumba yake; alisimama akanipa mikono, akasema Utiskot imepata jina. Jioni, tukiwa wawili jikoni, moto wa matawi ya mwaloni yaliyoanguka yenyewe ukiwaka bila moshi, mama akaniuliza jambo ambalo nilijua angeniuliza tangu nikiwa kwenye basi.

"Waliuliza habari zetu?"

"Waliuliza."

"Ukajibuje?"

"Nikawajaza ninyi."

"Sote?"

"Ni kiduara kimoja tu, mama. Lakini mlienea."

Alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa sari. Alitaka kukiona. Nikatoa ile nakala ya kaboni, nikamwonyesha safu ya sitini na tatu, kiduara cha kwanza. Alikigusa kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayeonja samli kama imeiva. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka nyuma ya picha ya Devi, pamoja na cheti cha kifo cha baba.

Baada ya siku tatu niliondoka kuja huku kwenye kituo changu, na sijarudi tangu hapo. Kwanza nilisema ni msimu wa moto. Kisha nikasema tembo wanaingia kwenye miwa ya watu, siwezi kuacha zamu. Sikukuu ya kupanda mbegu ikapita, sikukuu ya samli ikapita, nikasema wakubwa hawatoi ruhusa. Hawajawahi kuninyima ruhusa, sijawahi kuomba. Asubuhi natembea kwenye majani makavu ya sal, makubwa, yenye kelele, na masikio yangu yanatafuta sauti ya chemchemi ambayo haiko huku. Natamani mkate wa ulezi uliobabuka upande mmoja. Natamani mama anipigie kelele kwa kupinda mgongo. Lakini nikifikiria ile picha ya Devi na kilicho nyuma yake, natafuta tembo wa kusingizia.

Wiki iliyopita akanipigia Bimla. Bimla ni mke wa binamu yangu, aliolewa majira ya baridi yaliyopita, na mumewe yuko Gujarat kiwandani, kwa hiyo analala kwa mama. Naye anajiandaa kwa mtihani wa askari wa misitu. Nilimtumia kalamu na pesa ya fomu. Noti alizinunua mwenyewe mjini Bageshwar. Aliniambia kwamba jioni husoma kwa sauti, na mama huketi karibu akipukuchua maharage meusi, akisikiliza. Mama anapenda majina ya ndege, alisema. Anamfanya ayarudie.

"Sasa juzi, dada, nikafika mstari wa mia mbili na kumi na nne," Bimla akasema.

Nilikuwa kwenye njia ya doria. Nikakaa chini.

"Nilisoma kabla sijafikiri. Mama akaniambia nirudie. Nikarudia. Akafuta mikono, akaniomba kitabu. Nikamwambia, mama, wewe husomi. Akasema najua sisomi, lete."

"Akafanyaje?"

"Aliutazama huo mstari weee. Akaenda nao kwenye rafu, akauweka ubavuni mwa kopo la dengu. Akatazama kopo, akatazama kitabu. Kisha akanirudishia akasema, soma hivyohivyo, Bimla, usibadilishe. Hansi alisoma hivyohivyo akapata kazi."

Nikabana simu sikioni. Bimla naye akateremsha sauti.

"Dada, ni mwandiko wako?"

Nikamwambia ni wangu. Nikamwomba ampe mama simu. Nikasikia bangili, nikasikia mlango, nikasikia ng'ombe wa jirani, na vitu vyote hivyo vikanichoma kama upupu.

"Umekula?" mama akauliza.

"Nimekula. Mama, Bimla ameniambia."

"Bimla ana domo kama mlango wa zizi." Alikohoa kidogo. "Saruli hajui. Wenzangu hawajui. Sijawaambia, na wewe ukija usiwaambie. Wazee wale, waache na vitumbua vyao."

"Mama, nisamehe."

Nilimsikia akihamisha kitu, labda ungo.

"Miaka kumi na miwili inakwisha mwezi huu," akasema. "Tunautoa tena kwa Devi. Ile karatasi ya kwanza mvua ilishaila, imebaki kengele. Tuko saba sasa, wanne hawapo. Ya kwanza uliandika wewe, kwa hiyo na hii utaandika wewe. Saruli anataka uandike kama tulivyoandikwa kitabuni."

Nilifunika mdomo kwa mkono.

"Nimemwambia hapana," mama akaendelea, kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya chumvi. "Nimemwambia Hansi ataandika majina. Yote kumi na moja, na ya waliokufa. Buransi zimechanua. Njoo kabla hazijaanguka."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo nikaomba likizo ya siku tano. Aliipiga muhuri bila kuinua kichwa. Mwaka mzima nilikuwa naogopa kuomba kitu kinachotolewa na mtu anayekunywa chai.

Kisha nikakaa kwenye benchi ya kituo na daftari la doria, nikafungua ukurasa wa mwisho nijaribu kuyaandika yale majina, nisije nikababaika mbele ya Devi. Khimuli. Saruli. Yule wa mteremkoni aliyekuwa na mbuzi kilema, Dhanuli. Niliandika, nikapinda mstari, nikaandika, na nilipomaliza la tisa mkono ukasimama. Nilikaa pale hadi jua likahama benchi. Maeneo oevu yenye hadhi ya kimataifa ninayajua yote, kwa mpangilio wa mikoa, na ukiniamsha usingizini nitakutajia na ukubwa wake. Wanawake walioninywesha maji nilikuwa nao tisa tu.

Nikampigia tena.

"Mama," nikasema, "wawili wamenipotea. Nisomeshe."

Nilidhani atanikaripia, na ningeshukuru kama angenikaripia. Alijiweka sawa tu, akaanza mwanzo kabisa, kwa Saruli, na kwa kila mmoja akataja alikozaliwa na alikoolewa. Nilimwomba aende polepole, ninaandika.